Chai Nyeusi ya Shangazi na Leza Inayosoma Maji

Najua nimepotea. Kazi za watu zimenibana hapa Bungoma, usiku na mchana ni kuandika programu tu. Leo naziweka kando niwasimulie mambo ya maji.

Shangazi yangu anaishi nje kidogo ya mji wa Kitale. Ana vyumba vichache vya kupangisha, na mwaka 2022 alichimbiwa kisima kwa mashine. Maji yakitoka ni meupe kabisa. Lakini ukipika chai inakuwa nyeusi kama wino, na mashuka yanabaki na madoa ya kutu. Wapangaji wawili wakahama. Jirani akaanza kusema kisima kina sumu.

Shangazi akanipigia simu: "Baba, wewe si ni mtu wa kompyuta? Hebu niambie haya maji yana nini."

Mtu wa kompyuta! Kwetu ukijua kompyuta basi unajua redio, friji, na hata ng'ombe anayekataa kutoa maziwa. Nikapanda matatu hadi Kitale, nikajaza chupa ya soda, nikarudi nayo Bungoma. Ikakaa mezani siku tatu ndipo nikaipeleka maabara. Majibu: chuma ni kidogo sana, maji ni sawa. Nikampigia kwa furaha. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi njoo unywe chai."

Kosa lilikuwa langu. Chuma kilichoyeyuka kikikutana na hewa hugeuka kutu, hutuama chini na kushika kwenye kuta za chupa. Maabara ilipima maji yaliyobaki, si maji ya kisima. Sampuli ya kupima metali hutiwa asidi ya nitriki kidogo pale pale kisimani ili metali zisigande. Safari ya pili nilipewa chupa yenye asidi tayari, na ukweli ukatoka: chuma kilikuwa mara kadhaa zaidi ya miligramu 0.3 kwa lita, kiwango ambacho madoa huanza kuonekana. Risasi na arseniki hazikuonekana. Sumu haikuwepo. Chuma kikikutana na tanini ya majani chai, chai inakuwa nyeusi, basi.

Lakini swali likanikaa kichwani: kwa nini tusiyapime maji pale pale yalipo, bila chupa, bila matatu?

Kumbe watu wamelifikiria zamani. Njia yenyewe huitwa LIBS kwa kifupi. Unapiga mpigo wa leza mfupi mno, sehemu chache za bilioni ya sekunde, na kuukusanya kwenye nukta ndogo. Pale panazuka cheche ya plazma yenye joto la zaidi ya nyuzi 10,000. Atomu zinavunjwavunjwa, na zikitulia zinatoa mwanga, kila elementi kwa rangi zake. Sodiamu hung'aa manjano kwenye nanomita 589, lithiamu nyekundu kwenye 670.8. Spektrometa inausoma mwanga huo na kukuambia ni nani yupo. Gari la Curiosity linapiga mawe ya Mars hivyo tangu 2012.

Ndani ya maji mambo ni magumu. Maji huizima ile cheche haraka sana, na mistari ya rangi inatanuka na kufifia. Ujanja mmoja ni kupiga mara mbili: mpigo wa kwanza unatengeneza povu la mvuke, wa pili unapiga ndani ya povu hilo, ambako plazma hupata nafasi ya kupumua. Wajapani walitumia njia nyingine, mpigo mrefu zaidi wa nanosekunde zaidi ya 100, na mwaka 2015 walichapisha habari za chombo chao kilichofanya kazi baharini kwenye kina cha zaidi ya mita 1,000.

Na msidhani haya ni ya ng'ambo tu. Kundi la Profesa Hudson Angeyo wa Chuo Kikuu cha Nairobi lilichapisha mwaka 2013 kazi ya kutumia LIBS, pamoja na hesabu za takwimu, kuchunguza sampuli za mazingira.

Hapo kwenye hesabu ndipo sisi waandishi wa programu tunapoingia. Spektra ni safu ndefu ya namba tu. Nilidhani ni kazi ya jioni moja: tafuta vilele, vilinganishe na orodha ya mistari, maliza. Wapi! Chuma peke yake kina maelfu ya mistari, na mingine inaangukia jirani na mistari ya wengine. Kilele kimoja si ushahidi. Inabidi udai mistari kadhaa ya elementi ile ile kabla ya kusema ipo. Nimejaribu kwa kipande cha DVD, kamera ya kompyuta na chumvi kwenye moto wa gesi. Manjano ya sodiamu ilitokea, nikaruka kama mtoto. (Leza zenyewe msizichezee nyumbani. Zinapofua macho.)

Sasa niseme kweli. Hata ningekuwa na mtambo huo, usingemaliza wasiwasi wa jirani. Shirika la Afya Duniani linataka risasi isizidi miligramu 0.01 kwa lita, na leza ikipigwa moja kwa moja ndani ya maji kwa kawaida haioni kiasi kidogo hivyo. Mahali ningependa kuiona ikijaribiwa ni kwenye tope la chini ya mto Nzoia, unaopita kwetu ukielekea Ziwa Victoria. Metali hutuama huko, na huko ndiko kiasi chake huwa kikubwa kuliko kwenye maji yenyewe.

Shangazi yeye hakungoja leza. Fundi alimtobolea bomba, maji yanadondoka kama mvua ndani ya tangi, yanashika hewa, kutu inatuama, kisha yanapita kwenye mchanga. Chai ina rangi ya chai. Chumba kimoja kimepata mpangaji, kingine bado. Jirani bado hanywi.

Mwenye swali aniulize. Na ukichukua sampuli, tafadhali, usitumie chupa ya soda!