MUUGUZI UGHAIBUNI, Sehemu ya 11: Farasi, Magharibi na Neno "Sikumwona"

Wiki iliyopita tuliongea kuhusu vidonda vya miguu kwa wenye kisukari, nikawaahidi kwamba leo tutaongea kuhusu macho. Ahadi iko palepale, ila nitapitia njia ambayo wengi hamkuitegemea: nguo za kuvaa ukiwa juu ya farasi barabarani wakati jua linazama. Najua mnacheka. Mama yangu kule Moshi nilipomwambia kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, huko Uingereza mmeishiwa magari?"

Mambo yako hivi. Ninaishi Shropshire, karibu na mpaka wa Wales. Huku ni mashambani kabisa, na farasi barabarani ni kitu cha kawaida. Binti yangu ana miaka 15. Akitoka shule anakwenda kwa bibi mmoja jirani mwenye mabanda ya farasi. Anafagia, analisha, anabeba maji, na malipo yake ni kupanda farasi jike mmoja wa rangi ya kahawia iliyokolea. Kutoka bandani hadi njia ya mashambani inabidi wapite kama nusu kilomita ya lami. Hiyo barabara ni nyembamba, ina kona, ina ua mrefu wa miti pande zote mbili, na hakuna pa kukanyaga pembeni. Kikomo cha mwendo ni maili 60 kwa saa, yaani karibu kilomita 97.

Kiangazi hakuna shida, mwezi wa sita jua linazama saa tatu na nusu usiku. Lakini Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja, na ikifika katikati ya Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Shule inatoka saa tisa na nusu. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo Oktoba nikamwambia, tukae chini tuchague mavazi ya kuonekana. Akakunja uso. Yeye ana koti lake jeusi la kupandia farasi, zuri kweli, alinunuliwa na shangazi yake. "Mama, nitafanana na mtu wa kuziba mashimo barabarani." Nikamjibu, mwanangu, yule wa kuziba mashimo anaonekana, ndiyo kazi ya lile vazi.

Sasa niwaambie kwa nini sikutaka mjadala mrefu. Nimefanya kazi kitengo cha dharura nyumbani na huku. Barabara ni tofauti, magari ni tofauti, lakini kuna neno nimelisikia nchi zote mbili. Unamkuta dereva amekaa kwenye kiti cha korido, hana hata mchubuko, mikono inatetemeka, chai aliyopewa imepoa. Anarudia neno moja tu: sikumwona. Ndugu wa majeruhi wakisikia wanapandwa na hasira, wanaona ni kisingizio. Mimi baada ya miaka mingi naamini kwamba mara nyingi anasema kweli. Hakumwona.

Hapa ndipo macho yanapoingia. Nyuma ya jicho kuna retina, na kwenye retina kuna seli za aina mbili. Kundi la kwanza linafanya kazi kwenye mwanga mwingi, na ndilo linaloona rangi na mambo madogo madogo. Kundi la pili linafanya kazi gizani; linahisi mwanga kidogo sana, lakini halijui rangi. Jua likizama, kundi la kwanza linachoka na la pili halijashika kazi sawasawa. Ni kama kubadilishana zamu wodini: wa mchana ameshavua, wa usiku bado anasoma ripoti. Dakika hizo ndizo jicho linaona vibaya.

Na kuna jambo jingine. Mwanasayansi wa Bohemia, Jan Purkinje, aliligundua karne ya 19: giza likianza kuingia, nyekundu ndiyo inayozimika mapema. Jaribu mwenyewe. Kaa nje jioni uangalie ua jekundu na majani yake. Mchana ua ndilo linalong'aa. Magharibi ua linakuwa jeusi, majani bado unayaona. Kwa hiyo lile koti jekundu unalosema "hili linaonekana", saa hiyo halikusaidii.

Ongeza umri. Dereva wa miaka 65, mboni haifunguki tena kama ya kijana, na akiwa na mtoto wa jicho hata kidogo, taa za gari linalokuja zinatawanyika kama anatazama kupitia kioo chenye ukungu. Ongeza kioo kichafu na jua lililolala chini likimpiga usoni. Huyo ndiye anayekuja kwenye kona.

Wewe uliye juu ya farasi huyajui hayo yote. Wewe unaona taa zake tangu mbali, kali, wazi kabisa. Akili inakudanganya: kama mimi namwona hivi, na yeye ananiona. Hapana! Wewe unatazama taa, yeye anatazama giza. Huku Uingereza udanganyifu ni mkubwa zaidi kwa sababu mwanga hauondoki kwa haraka kama kwetu. Nyumbani jua likizama, dakika ishirini na kitu giza limeshafika, kila mtu anajua. Huku Desemba mwanga unafifia polepole karibu dakika 40, jicho lako linazoea kidogo kidogo, na unaapa bado kweupe.

Basi, tuje kwenye nguo. Watu wengi wanadhani kikoti chochote cha njano kinatosha. Kuna vitu viwili tofauti, na kila kimoja kina saa yake.

Cha kwanza ni rangi za kuwaka: ile njano ya limau, chungwa kali, waridi kali. Kitambaa hicho kinachukua miale ya jua isiyoonekana kwa macho na kuirudisha kama mwanga unaoonekana, ndiyo maana kinaonekana kama kina taa ndani. Ni kizuri mchana, kizuri siku ya mawingu, kizuri jua linapoanza kushuka. Lakini miale ya jua ikiisha, nguvu yake imeisha. Taa za gari haziiamshi.

Cha pili ni reflekta, ile mistari ya kijivu. Mchana haina maana yoyote, unaweza kudhani ni pambo. Ina chembe ndogo za kioo au vipembe vidogo vinavyorudisha mwanga kulekule ulikotoka. Taa ya gari ikiigusa, inamrudia dereva machoni. Bila taa ya kuipiga, imekufa.

Magharibi ni saa ya katikati: rangi inakufa, na madereva wengine hawajawasha taa. Ndiyo maana unahitaji vyote viwili, na taa yako mwenyewe juu yake.

Jumamosi moja ya Novemba bibi mwenye mabanda alituruhusu tufanye jaribio kwenye njia yake ya shamba, ambayo gari la mtu mwingine halipiti. Yeye alishika hatamu, binti yangu akiwa juu na kikoti cha waridi kali chenye mistari, mimi nikakaa kwenye gari kama hatua mia mbele yao, gari limesimama. Nikazima taa, nikasubiri. Farasi ndiye aliyepotea wa kwanza. Yule mnyama wa karibu nusu tani aliingia kwenye rangi ya ule ua wa miti nikabaki nakiona kikoti kinaelea. Dakika kumi baadaye kikoti nacho kikawa kijivu.

Nikawasha taa ndogo. Taa ndogo zinamulika chini, kwenye lami, zisimuumize anayekuja mbele. Kwa hiyo kilichowaka kwa nguvu hakikuwa kikoti kule juu, bali zile bendi za reflekta tulizomfunga farasi miguuni, juu kidogo ya kwato. Aliposimama zilikuwa alama tu, zingeweza kuwa vigingi. Nikawapigia kelele, "Tembeeni!" Miguu ilipoanza kupanda na kushuka, hata mtoto mdogo angesema huyo ni farasi. Mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Johansson, alionyesha jambo hili mwaka 1973 kwa kuweka alama za mwanga kwenye viungo vya watu: ukiona nukta chache zikitembea pamoja, ubongo unatambua mara moja kwamba ni kiumbe hai.

Halafu tukabadilishana. Binti akaja kukaa kwenye gari, mimi nikasimama na farasi, tukamvua bendi na bibi akamtupia lile koti jeusi juu ya tandiko. Niliporudi garini alikuwa kimya. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mlikuwa hampo." Mjadala wa koti ukaishia hapo.

Orodha yetu ndiyo hii, kwa mpangilio wa umuhimu:

1. Bendi za reflekta miguuni mwa farasi, miguu yote minne. Ni za bei nafuu kuliko vyote, na ndizo zinazoonekana mapema.

2. Taa. Highway Code, kitabu cha kanuni za barabarani cha huku, inasema taa iwe nyeupe mbele na nyekundu nyuma, ifungwe mkono wa kulia au mguu wa kulia wa mpandaji, kwa sababu tunapita kushoto na magari yanapita kulia kwetu.

3. Kifuniko cha mkia chenye reflekta. Gari likija nyuma, kitu kikubwa mbele yake ni makalio ya farasi.

4. Kikoti cha mpandaji, rangi ya kuwaka pamoja na mistari inayozunguka mwili mzima, mbele, nyuma na mabegani. Kiwe cha kukaza. Kikipepea kwa upepo kinaweza kumshtua farasi. Na usivae begi juu yake, umekizima.

5. Mkanda wa kuzunguka helmeti. Pale ua unapokuwa mfupi, kichwa ndicho kinachotokea kwanza.

Rangi gani? Tazama nyuma yako kuna nini. Kiangazi majani ni kijani, njano ya limau inaweza kumezwa kidogo; waridi inajitenga. Vuli majani ni ya chungwa na kahawia, basi chungwa siyo chaguo. Tulichagua waridi na njano pamoja.

Soma lebo ya ndani. Tafuta namba EN 17353, ndiyo viwango vya Ulaya vya mwaka 2020 kwa mavazi ya namna hii. Herufi A ni ya mchana, B ni ya gizani, AB ni vyote viwili. Kwa magharibi chukua AB. Ukiona EN ISO 20471, hayo ni mavazi ya kazi, ya mafundi wa barabara, nayo ni mazuri. Isipokuwa na namba yoyote, unanunua rangi tu. Lebo inaonyesha pia ufue vipi. Usiweke dawa ya kulainisha nguo, inaharibu reflekta. Na tope likikauka juu yake, hakuna kitakachoakisi.

Kabla ya kutoka barabarani, mvalishe farasi vyote akiwa bandani, siku mbili tatu, azoee.

Sasa tukubaliane jambo moja, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Gari likienda maili 60 kwa saa, linahitaji mita 73 kusimama kwenye lami kavu, na mita 18 kati ya hizo zinakwisha kabla mguu haujagusa breki. Kanuni zinamtaka dereva ampite farasi kwa mwendo usiozidi maili 10 kwa saa, na aache angalau mita 2. Lakini hawezi kumheshimu asiyemwona, na kona haina habari na reflekta. Kitabu hichohicho kinasema ni salama zaidi kutopanda farasi barabarani usiku. Kwa hiyo sheria ya nyumbani kwetu ni hii: kuanzia Novemba, siku za shule, binti anapanda ndani ya uwanja wa bandani tu. Jumamosi na Jumapili anatoka, na saa tisa alasiri awe amerudi, akiwa amevaa vyote, hata kama jua linawaka. Nilimwambia, mwanangu, reflekta ni ya kukurudisha nyumbani ukichelewa, siyo ya kukupa ruhusa ya kuchelewa.

Wewe uliye Moshi, Nakuru au Kigoma huna farasi, najua. Lakini una mtoto anayerudi kutoka tuisheni magharibi kando ya barabara kuu. Una mjomba mwenye mkokoteni wa punda. Una kijana wa bodaboda ambaye kikoti chake kimeoshwa hadi kimekuwa kama kitambaa cha deki. Kipande cha reflekta nyuma ya mkokoteni, kingine kwenye mguu wa punda, kingine kwenye visigino vya viatu vya mtoto. Kifunge chini, kwenye kitu kinachosogea. Kisha jioni nenda ukasimame pale dereva anapotokea, utazame kwa macho yake.

Sehemu ya 12 nitarudi kwenye mtoto wa jicho, maana wengi mmeniuliza kuhusu wazazi wenu wanaoendesha gari usiku. Mwulizeni mzee leo, kwa upole: baba, taa za mbele zinakusumbua? Mniletee majibu.

Usiku mwema.