Meza ya Wifi Yangu

Bila shaka umewahi kupita, hata kama ni kwa haraka ya kuwahi basi, katika soko la vinyago na shanga la Barabara ya Fire mjini Arusha, si mbali na Mnara wa Saa. Vibanda vimebanana, na karibu vyote vinauza vitu vile vile: hereni, bangili, vidani, mikanda. Huenda nawe umejiuliza kwa nini mgeni hupita vibanda kumi bila kugeuza shingo, kisha akasimama kwenye cha kumi na moja.

Wifi yangu alikuwa na kibanda pale. Mwezi wa Agosti mwaka 2019 kaka yangu alikuwa amepunguzwa kazini, na mtoto wao wa kwanza amepata nafasi katika chuo cha ufundi. Kwa wiki mbili mfululizo wifi hakuuza hata cha kulipia pango la meza. Nikamwambia, kwa kiburi cha mtu mwenye stashahada, kwamba Jumamosi nitakwenda kumpangia bidhaa.

"Njoo, wifi," alisema. "Lakini uje na chakula chako."

Nilianza kwa kutandika kitenge kipya chenye maua mekundu na ya manjano, na shanga zote zikamezwa na maua yale. Wifi hakunena neno. Alitoa kipande cha kaniki mfukoni, akakitandaza juu, na papo hapo kila ushanga ukaonekana. Tukageuza makreti mawili ya soda na kuyafunika, ili vidani vikae juu, karibu na macho, na bangili zibaki chini karibu na mkono. Hereni tulizipachika kwenye kadibodi, jozi kwa jozi, maana mnunuzi hana subira ya kuchambua rundo. Kioo kidogo tulikiegemeza pembeni. Mtu akishajiona amevaa hereni, ubishi wa bei hupungua.

Tulichobishania ni rangi. Mimi nilitaka nyekundu zote upande mmoja na buluu zote upande mwingine, kama vitambaa dukani. Wifi ni Mwarusha wa mitelemko ya Mlima Meru, na kwao, kama kwa Wamasai, rangi hukaa pamoja kwa maana: nyekundu ni damu na ushujaa, nyeupe ni maziwa, buluu ni mbingu iletayo mvua, kijani ni malisho. Ajabu ni kwamba shanga zenyewe za kioo hutoka Ulaya, nyingi katika nchi ya Cheki. Zamani, kabla ya wafanyabiashara kuzileta kutoka pwani, watu walitumia mbegu, mifupa na chuma. Basi rangi zikabaki zimechanganyika, nami nikanyamaza.

Katikati ya meza palikuwa na pengo. Katika sanduku la wifi niliona kidani kipana cha mviringo, kizito, cha kale. Nikakiweka hapo. Wifi alikuwa amekwenda kuchota maji ya kupangusia vumbi.

Mama mmoja mgeni alisimama. Hakutazama kingine. Aliuliza bei, nami, kwa furaha ya kupata mteja, nikataja shilingi laki moja na nusu, nikidhani nimetaja kubwa mno. Alikuwa akifungua mkoba wakati wifi aliporejea na ndoo.

"Hicho ni cha mama," alisema polepole. "Alinivika siku ya harusi."

Nilitaka kumwomba radhi yule mgeni na kukirudisha sandukuni. Wifi alinizuia kwa mkono. Alitazama kidani, akaitazama meza nzima, akaniuliza, "Umeshataja bei?"

Nikasema ndiyo.

Akakifunga mwenyewe katika gazeti, taratibu, akapokea fedha, akazihesabu mara mbili. Jioni ile alilipa pango, na zilizobaki akazitia katika bahasha ya ada. Siku nzima hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Tulipokuwa tukikunja turubai, wingu likiwa limeuficha Meru mpaka kiunoni, aliniambia nije tena Jumamosi inayofuata, kwa kuwa hereni zilikuwa zimetoka vizuri. Kisha akalifunga lile sanduku kwa kufuli, na ufunguo akautia kifuani.