Mchezo unapokuwa dawa ya upweke Ukambani

HEBU, mpenzi msomaji, tufunge safari. Panda matatu Nairobi mapema, ukateremke Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni. Ikiwa ni msimu wa maembe utayakuta yamepangwa mafungu mafungu kando ya barabara, na akina mama wakipima ndengu na mbaazi kwa vikopo.

Usiwe na haraka. Tafuta mti wenye kivuli utazame wazee wanaocheza drafti kwa visoda. Mmoja akila kete tatu kwa mpigo, kicheko kinasikika hadi stendi ya matatu. Kisha sikiliza kelele nyingine, zile zitokazo katika chumba chenye pazia mlangoni. Humo vijana wamekodoa macho kwenye runinga, vidude vya kubonyeza mikononi, wakicheza kandanda ya PlayStation.

Wewe mzazi hutabasamu ukiwaona wazee, lakini ukifika kwa vijana husonya. Je, umewahi kujiuliza ni kwa nini? Wote wanacheza, na pengine wote wamekimbia jambo lile lile, yaani upweke.

Mzigo usiosemwa

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Makueni ilikuwa na watu 987,653 na Kitui 1,136,187. Hao ni zaidi ya milioni mbili, wengi wao wakiishi mbali na Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1910. Mtu akilemewa na mawazo vijijini, mara nyingi husemekana amerogwa, au ni mvivu, au anajisikia.

Makueni ina sifa moja ambayo wengi hawaijui. Hapa ndipo watafiti wa wakfu wa utafiti wa afya ya akili unaohusishwa na Profesa David Ndetei walipowakutanisha waganga wa kienyeji, wahubiri waombeao wagonjwa, na wahudumu wa hospitali. Matokeo ya mazungumzo hayo yalichapishwa mwaka 2016. Baadaye wauguzi, maafisa wa kliniki na wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kutumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatambua wagonjwa wa akili na kuwasaidia papo hapo.

Kwa nini waganga na wahubiri waliitwa? Kwa sababu mgonjwa huanzia kwa mtu anayemwamini. Kama ni mundu mue, basi mlango wa kwanza ni kwa mundu mue. Na kijana wa miaka kumi na saba ambaye haendi kwa mganga wala kwa mhubiri, wala hamwambii babake kitu? Mlango wake pengine ni kile chumba chenye pazia.

Matofali yanayoshuka

Sasa tuondoke Wote, tupite Kathonzweni hadi Makindu, tuingie barabara kuu ya Mombasa. Malori yanafuatana kama siafu. Kwa mbali utaiona milima ya Chyulu, na ukikaribia Kibwezi utaanza kuona mibuyu minene.

Barabara hii imekula watu wengi. Hata aliyenusurika bila jeraha aweza kukaa majuma mengi akishtuka usiku, kwa kuwa picha ya ajali inamrudia bila kualikwa.

Mwaka 2017 watafiti walichapisha habari za majeruhi 71 wa ajali za barabarani waliofikishwa hospitali moja ya Oxford, Uingereza. Baadhi yao, kabla ya saa sita kupita tangu ajali, waliombwa waikumbuke kidogo, kisha wakapewa gemu ya Tetris. Ni ile ya vipande vya matofali vinavyoshuka, na mchezaji huvigeuza na kuvipanga. Walicheza kama dakika ishirini. Katika juma la kwanza picha za ajali ziliwarudia mara chache kuliko wenzao ambao hawakucheza.

Siri ni nini? Sehemu ya akili inayoshika picha ni finyu kama kibanda cha duka. Matofali yakikijaza, ile picha ya kutisha inakosa mahali pa kutia mizizi. Si uchawi, wala haina maana kwamba kila mwenye simu ni daktari. Lakini gemu ile ile tuliyoiita upuuzi ilifanya kazi.

Mfano mwingine ni Re-Mission, gemu iliyotolewa Marekani mwaka 2006 kwa ajili ya vijana wenye saratani. Mchezaji huongoza roboti mdogo aitwaye Roxxi ndani ya mwili, akizipiga seli za ugonjwa. Wagonjwa 375 walipofuatiliwa, waliopewa gemu hiyo walizingatia dawa zao vyema zaidi. New Zealand nao walitengeneza SPARX, gemu ya vijana wenye huzuni iliyokithiri, na mwaka 2012 ikaonekana haikushindwa na huduma ya kawaida ya washauri.

Usidhani mambo haya ni ya Wazungu tu. Kisumu, mwaka 2017, watoto 60 wa miaka 11 hadi 14 walishiriki majaribio ya gemu ya simu iitwayo Tumaini, iliyohusu kujikinga na Ukimwi. Ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Emory pamoja na taasisi yetu ya KEMRI. Kama Kisumu imewezekana, Kibwezi itashindwaje?

Kuvuka Athi

Kibwezi tunaiacha barabara kuu na kukata kushoto. Lami inateremka hadi mto Athi, na ukivuka tu uko Kitui. Ikutha inakuja, halafu Mutomo pamoja na hospitali yake ya Kikatoliki. Nyumba zimetawanyika, na jirani yuko mbali.

Ukambani tangu jadi umejua kwamba mtu hatulizwi akiwa peke yake. Ngoma ya kilumi, inayochezwa hasa na akina mama wazee, ilipigwa kuomba mvua, na pia kwa ajili ya aliyesumbuliwa na mapepo. Aliyepigiwa ngoma alizungukwa na watu waliojua taabu yake. Na kazi nzito ya kuchimba matuta ilifanywa kwa mwethya, leo kwako, kesho kwangu.

Hapo ndipo penye faida kubwa ya gemu. Kijana wa Ikutha mwenye kisukari au kifafa huenda asimpate mwenzake hata mmoja kijijini. Kwa simu anaweza kucheza na aliye Mwingi au Mombasa, na katikati ya mchezo wakaulizana, “Wewe dawa zako hukuchosha?” Huo nao ni mwethya. Mchezo unawapa sababu ya kuketi pamoja, na maneno mazito hutoka kwa urahisi zaidi macho yakiwa kwenye runinga.

Tahadhari

Dawa ikizidi huwa sumu. Shirika la Afya Duniani limeutambua uraibu wa gemu kuwa ugonjwa, katika orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. Mwenye kifafa amwulize daktari kwanza, maana mianga inayomweka huweza kuwaletea baadhi yao kifafa. Na tusichanganye gemu na kamari: anayeweka pesa za karo hachezi, anapoteza.

Kijana akiacha kula, kulala au kwenda shule kwa sababu ya gemu, usimpige wala usivunje simu. Huenda gemu si chanzo bali ndipo alipojificha. Akitamka kwamba amechoka na maisha, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Asizuiwe na hofu ya polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba sheria iliyomwadhibu aliyejaribu kujiua inakiuka Katiba.

Ukifika mjini Kitui, panda Jiwe la Nzambani uitazame nchi hii pana, na uwafikirie waliomo humo bila wa kuzungumza naye. Nawe ukirejea kwako, siku moja keti karibu na mwanao, umwombe akufundishe kubonyeza. Atakufunga mabao saba, na atakucheka. Mwache acheke. Bao la nane likiingia, huenda akakuambia kinachomsumbua.