Gemu Isiyonidai Kitu

Wasee, leo sina drama. Nataka kuongea kuhusu gemu. Najua kuna mtu atasema huyu jamaa wa Modogashe amekosa cha kuposti. Ngoja kwanza.

Wengi wenu mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Mkiniuliza kwenye komenti, huwa nasema ni karo. Karo ilikuwa ngumu, hiyo ni kweli, lakini si ukweli wote. Semesta yangu ya mwisho sikuwa nalala. Nilikuwa na gemu kwenye simu, ile ya kuunganisha nukta za rangi moja bila mistari kukatana. Kitu rahisi, hata mtoto anaweza. Ukimaliza hatua unapewa zawadi. Usipoingia siku moja, hesabu ya siku zako inarudi sifuri. Ukikwama, tazama tangazo upewe msaada. Saa tisa usiku niko macho, na asubuhi kuna CAT. CAT ya kwanza nikakosa, ya pili nikakosa, halafu nikaona aibu hata kuingia darasani.

Ili niende chuo, mama alikuwa ameuza ngamia.

Nilirudi nyumbani na stori ya karo, na nimeibeba hiyo stori mpaka juzi.

Kilichonifanya niseme ukweli ni gemu nyingine. Binamu yangu anayeishi Sweden alikuja kututembelea, akaniachia PocketBook yake ya zamani. Ni kama Kindle, kifaa cha kusomea vitabu. Hapa kwetu, pale barabara ya Garissa kwenda Wajir inapokutana na ile ya kutoka Isiolo, simu saa saba mchana ni kioo tu, unajiona uso wako. Hii kitu nayo unaisoma juani kama karatasi. Skrini yake ina vijitembe vidogo sana vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme unazisukuma chembe, zikishakaa zinabaki hapo, na picha haili betri mpaka ibadilike. Mimi naichaji kwa sola mara moja kwa wiki hivi.

Ndani yake binamu alikuwa ameweka mafumbo ya Simon Tatham, mtaalamu wa kompyuta kutoka Uingereza, yule aliyeandika pia PuTTY. Ni ya bure, na kodi yake iko wazi, ndio maana watu wameweza kuyahamishia kwenye vifaa kama hivi. Ninalolipenda linaitwa Bridges. Asili yake ni fumbo ambalo kampuni ya Nikoli ya Japani ililifanya lijulikane kwa jina la Hashiwokakero, yaani jenga madaraja. Unapewa visiwa vyenye namba, na namba inakuambia kisiwa kinataka madaraja mangapi. Unachora wima au mlalo, yasikatane, yasizidi mawili kati ya visiwa viwili, na mwisho visiwa vyote viwe vimeunganishwa. Skrini ya aina hii ni nzito, gemu ya kukimbizana itakuboesha. Lakini kwa fumbo kama hili hakuna kinachosonga mpaka uguse, kwa hivyo uzito wake hausumbui.

Usiku wa kwanza niliogopa. Nilijua nitakesha tena. Nikacheza matatu, nikaizima, nikalala. Kesho yake hivyo hivyo. Nikajiuliza, mbona hii inaniachilia? Ni nukta na mistari kama ile ya kwanza. Lakini hapa hakuna zawadi, hakuna tangazo, hakuna hesabu ya siku. Ukikosea unarudi nyuma bure. Ukiondoka, haikuiti.

Nikamkumbuka awoowe, babu yangu, na wazee wenzake wakicheza shax chini ya mti. Wanachora mchangani miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, wanaiunganisha kwa mistari. Vituo 24, na kila mchezaji ana vipande 12. Ukipanga vitatu kwenye mstari mmoja, unamtoa mwenzako kipande. Wanabishana vibaya sana, lakini adhana ikilia wanainuka. Sijawahi kusikia mzee akisema ngoja nimalize hatua hii.

Basi Ijumaa iliyopita nikamwambia mama kila kitu. Akanyamaza. Akanimiminia chai. Halafu akaniuliza, "Hooyo," maana mama zetu hutuita hivyo, "hiyo gemu ilikulipa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Hakuna aliyenishika mkono nicheze, hilo nalikubali, kidole kilikuwa changu. Lakini pia nilikuwa peke yangu usiku na kitu kilichotengenezwa nisikiache.

Na hapa ndipo inaniuma zaidi, kwa sababu mimi pia natengeneza vitu vya aina hiyo. Mnajua venye hukata video pale pale patamu, halafu naandika sehemu ya pili kesho. Hiyo ni ile hesabu ya siku, nimeibadilisha nguo tu. Kuna mtu ako hosteli sasa hivi ananingoja saa tisa usiku.

Wiki hii nimeposti video moja, nzima, haina sehemu ya pili. Watazamaji wamepungua. Nimeiona namba na kusema ukweli imeniuma, maana hiyo namba ndiyo inanilipia bando. Lakini nitajaribu hivyo mpaka mwezi uishe, nione.

Siwaambii mfute gemu zenu. Huhitaji hata PocketBook, fumbo la madaraja unaweza kulichora kwenye daftari kwa penseli. Nawaachia tu swali la mama: hiyo yako inakulipa ngapi? Nijibu kwenye komenti. Na kama ni usiku, jibu kesho.