Usiiache Kemia Kabla Hujauliza

Marietta, Georgia

Mwanangu,

Nyanya yako goti limepoa kidogo, na dada yako amepata leseni ya kuendesha gari. Nakuandikia barua kwa sababu simu hupokei, na ujumbe wangu wa WhatsApp unaujibu "sawa shangazi," basi.

Mama yako ameniambia unataka kujitoa kwenye kozi ya kemia katikati ya muhula ili uongeze zamu kule ghalani. Alipokuuliza kuhusu ufadhili wako wa HOPE, ulimjibu kuwa ni wa miaka minne, hakuna wa kuugusa. Neno hilo limeninyima usingizi. Nani alikudanganya hivyo? Barua uliyopewa ulipomaliza sekondari ilisema umestahili kuanza. Kuendelea ni habari nyingine. Jimbo la Georgia, linalotoa fedha hizo kutokana na bahati nasibu yake tangu 1993, hukukagua kila mwisho wa muhula wa machipuko, na tena ukifikisha krediti 30, 60 na 90. Ukikutwa na wastani chini ya 3.0 unatolewa, na hakuna kuonewa huruma: 2.99 si 3.0.

Unamkumbuka yule kijana aliyekuwa akitupigia kinanda kanisani? Mwaka wa kwanza alipata D ya hesabu. Akairudia kozi, akapata B, chuo chake kikaiondoa ile D, na karatasi ya matokeo ikaonyesha wastani wa 3.1. Tukampongeza. Mwezi wa saba mama yake alikuja kwangu na bili ya ada, mikono inamtetemeka, akidhani kompyuta imekosea. Haikukosea. Jimbo lina hesabu yake lenyewe, na kozi ikirudiwa, alama zote mbili zinaingia. Nilikaa naye mezani tukajumlisha kwa kalamu, tukarudia, jibu likawa lile lile: 2.94. Kurudishiwa ufadhili kulikuwepo, lakini mpaka afike krediti 60, kwa hiyo mwaka wa pili wote aliusoma kwa mkopo. Aliupata tena, kwa jasho. Na kurudishiwa huko ni mara moja tu. Ukiupoteza mara ya pili, umekwenda.

Sasa rudi kwenye kemia yako. Siku za mwanzo za kubadilisha kozi zimeshapita, kwa hiyo ukijitoa leo unaandikiwa W, alama ya kujitoa. Ni kweli W haishushi wastani. Lakini krediti zake zinahesabiwa kuwa umezijaribu, zinakusogeza kwenye ukaguzi, na zinakula kikomo cha HOPE cha krediti 127. Tena kuna jambo ambalo naona hukuambiwa: kozi za sayansi na hesabu zilizo kwenye orodha ya jimbo huongezewa nusu alama ukipata B, C au D. Ikiwa kemia yako imo, B yake ni 3.5. Unaikimbia kozi ambayo ingekuinua!

Baba yako naye alikuwa hivi hivi. Alipoacha chuo akafuata malori, nilimkanya, akanicheka mbele za watu. Leo mgongo unamuuma, na ni mimi, si yeye, niliyekesha nawe tukijaza FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa fedha za masomo. Sikulaumu wewe kwa hayo. Nataka tu ujue kwamba kazi ile tuliyokesha nayo naihesabu yangu pia.

Najua HOPE hailipi chumba wala chakula, na ndiyo maana unahangaika na zamu. Ukipungukiwa, niambie mimi kabla ya kumwendea meneja wa ghala. Ule ufadhili mwingine unaopata, wa chuo chenyewe, una masharti yake mbali. Isome barua yake mpaka ukurasa wa mwisho. Lala usiku. Mpigie nyanya yako.

Kesho asubuhi, kabla ya darasa, nenda ofisi ya misaada ya kifedha. Waulize wastani wako wa HOPE ni ngapi leo, si ule wa chuo. Waulize umeshajaribu krediti ngapi, na kama kemia imo kwenye orodha. Wakujibu kwa maandishi, kisha unitumie. Nakuomba, mwanangu, usitie sahihi fomu ya kujitoa kabla sijayasoma majibu hayo.

Shangazi yako