Gonga Mkuku Kwanza

Kirongwe, Mafia

Mjomba wangu,

  

Jana kwenye simu tulikuwa tunakatizana, mtandao ukienda na kurudi, nawe umeshapandwa na hasira. Ndiyo nikaona niandike. Umenieleza kuwa giaboksi ya Noah inateleza: asubuhi inakwenda vizuri, ikishapata moto injini inanguruma na gari haliendi, na rivasi ukiiweka inafikiri kwanza ndipo ishike. Fundi kasema imekufa, nunua nyingine. Mama yako naye yuko radhi kuweka rahani minazi ya Ndagoni. Hapo ndipo usingizi ulipopaa.

Nianze na huyo fundi. Kwa maneno yako mwenyewe, hakuchomoa hata kijiti cha oili, akatoa hukumu. Noah ya zamani kama yako ina kijiti cha giaboksi. Weka gari pahali tambarare, injini iwe ya moto na inaunguruma, gia kwenye P. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena, kisha dondosha tone kwenye kitambaa cheupe. Oili ikiwa nyekundu lakini iko chini ya alama, shukuru Mungu: inavuja tu. Kisiwani chumvi inakula zile paipu zinazopeleka oili kwenye rejeta, na oili ikipungua giaboksi inakosa presha, inateleza hivyohivyo unavyosimulia. Paipu mbili na lita chache za oili hazimfikishi mtu kwenye rahani. Ukiona rangi ya maziwa yaliyotiwa rozi, rejeta imetoboka kwa ndani na maji yamechanganyika na oili. Usiliwashe gari tena hata kwa kulisogeza kivulini. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, fundi kabahatisha akapatia. Sahani za klachi za ndani zimeungua, na oili mpya haitazirudisha. Tazama na taa ya O/D OFF. Ikiwa inakonyeza yenyewe, kompyuta ya gari imeona hitilafu, na mara nyingine ni solenoidi tu, kitu kinachobadilishwa kwa kufungua sampo bila kushusha giaboksi nzima.

Haya, tuseme imeungua. Bado sijakwambia ununue.

Babu yako, kule Jibondo, alikuwa akiletewa jahazi lenye ubao ulioachia. Mwenye chombo anamwonyesha ubao. Mzee haujali, anaingia chini na nyundo ndogo, anagonga mkuku kutoka tezi mpaka omo, kisha mataruma, moja baada ya moja, sikio karibu na mti. Mti mzima unalia. Ulioliwa unaitika kama gunia la pumba. Siku moja alimrudisha mtu wa Chole na mbao zake mpya begani, na yule bwana alinuna mwaka mzima.

Mimi nilikuwepo, nikaona, na bado sikujifunza. Ile pikapu yangu ya kubebea nazi, mama yako anaikumbuka, iliharibika giaboksi nikaibadilisha kwa pesa ya msimu mzima. Gia zikawa zinaingia kama kisu kwenye papai. Mwezi wa nne, napita Baleni na mzigo wa kawaida tu, spring ya nyuma ikang'oka na kipande cha chesisi. Kipande kile nilikivunja kwa vidole. Giaboksi nzima ikabaki chini ya gari bovu, nikaiuza kwa nusu ya bei.

Gari lako linalala Kilindoni, karibu na gati, mwaka wa sita huu. Kwa hiyo ingia chini. Gonga chesisi pale zinaposhika spring, gonga chini ya milango, gonga pale jeki inapokaa. Chukua na bisibisi, uchokoe palipopigwa rangi nzito nyeusi, maana wauzaji wanaipenda sana rangi hiyo. Bisibisi ikizama, habari ya giaboksi imekwisha. Uza injini, uza viti, uza vioo. Injini ya 3S haikosi mteja.

Chesisi ikilia vizuri, hapo tupige hesabu. Giaboksi ya mtumba umetajiwa laki nane huko Kariakoo. Weka laki tatu za nauli yako, basi mpaka Nyamisati, chombo mpaka Kilindoni, wapagazi, oili na fundi. Ni milioni moja na laki moja. Unasema ukitoa mafuta unabakiwa na elfu ishirini na tano kwa siku: basi ni siku arobaini na nne za kazi. Wageni wa papa potwe wanakuja Oktoba mpaka Machi, na lami ya Utende hailiumizi gari. Inalipa. Kuagiza jingine Japani sikushauri, gari la umri ule linatozwa na ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine.

Nenda mwenyewe dukani, usiagize kwa simu. Soma herufi kwenye kibati cha giaboksi uzilinganishe na za kwako. Fungua plagi uone oili yake. Itakapofungwa, simama hapo: kabla ya kukaza bolti, konveta lazima iwe imezama mpaka mwisho, la sivyo inavunja pampu siku ileile. Na rejeta na paipu zisafishwe kwanza, kwa sababu unga wa chuma wa ile iliyokufa umejificha humo, unaingoja mpya. Mafundi wengi wanaruka hapo wakiona magharibi inaingia.

Kuhusu minazi, hapana. Hilo silijadili. Ile ni ya dada yangu, na rahani za kisiwa hiki nimeona nyingi zisizokombolewa. Laki nne ninazo, nitakukopesha, utanirudishia wakati wa kaskazi. Zilizobaki tafuta wewe, hata kama ni kwa kumwendeshea mtu bajaji miezi miwili.

Dereva aliyekuletea barua hii nimempa na nyundo ya babu yako, imefungwa kwenye kanga. Ukimaliza kugonga uirudishe, na unieleze ulichosikia.

Mjomba wako