Baridi ya huku, chigongi, na makosa yangu mawili ya mwaka wa kwanza

Najua nimepotea, mtanisamehe, si mnajua tena mambo ya mitihani. Leo nimejibanza pembeni ya bomba la joto, nje simu inasema nyuzi 19 chini ya sifuri, na nimeona niandike kitu ambacho nimekuwa nakikwepa muda mrefu.

Kisa chenyewe ni ujumbe. Juzi mdogo wetu mmoja, kafika chuoni Septemba, kaniandikia: "Kaka, siku hizi siamki kabisa. Ni kawaida?" Nikaanza kumjibu, nikaona jibu linazidi kurefuka. Basi mdogo wangu, jibu lako ni hili hapa. Na nyie wengine mnaojiandaa kuja huku mwakani, someni pia, halafu msiseme hamkuambiwa.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nasoma ualimu Changchun, mkoa wa Jilin, kaskazini-mashariki ya China. Nyumbani ni Njombe, na hiyo Njombe ndiyo iliyoniponza. Wenzangu wa Dar na Tanga walipofika walikuwa wananunua makoti kwa hofu, mimi najidai, "Aah, baridi naijua mimi." Si kwetu Juni na Julai sakitu inaanguka? Unaamka majani meupe kama yamemwagiwa unga, ukichota maji vidole vinakufa ganzi. Kumbe kipupwe cha kwetu ni mgeni wa asubuhi tu, ikifika saa nne jua limeshamfukuza. Huku mgeni akija Novemba anahamia na mizigo yake. Januari usiku, nyuzi 20 chini ya sifuri ni jambo la kawaida. Desemba jua linachomoza saa moja imeshapita, na linazama kwenye saa kumi jioni. Unaingia kipindi cha mchana kweupe, unatoka unakuta giza.

Sasa chigongi. Wachina wanaandika qigong, sisi Wabongo tumeshaibatiza. "Qi" ni pumzi, au ile nguvu ya uhai wanayosema inazunguka mwilini. "Gong" ni kazi, ujuzi unaoupata kwa kurudia rudia. Ni mazoezi ya polepole: mwili, pumzi na akili vinakwenda pamoja. Yapo ya aina nyingi. Ninayofanya mimi yanaitwa Ba Duan Jin, yaani Vipande Vinane vya Hariri. Jina hilo lilikuwepo tangu enzi za ufalme wa Song (960 hadi 1279), na mwaka 2003 chama cha chigongi cha China kilitoa mtindo mmoja rasmi ambao sasa unafundishwa kila mahali. Mzunguko mmoja ni kama dakika 12 hivi. Huhitaji kifaa wala kiingilio, kwa hiyo mwanafunzi asiye na hela anafaa sana!

Nilianza Septemba 2023, kwenye uwanja karibu na bweni letu. Kulikuwa na wazee kama ishirini kila alfajiri, na anayewaongoza ni bibi mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Wanafunzi tunamwita Nainai, yaani Bibi. Aliponiona nasimama pembeni nikiigiza, alinivuta mkono akaniweka mstari wa mbele, mwalimu ni mwalimu bwana. Ndani ya mwezi nilikuwa najua vipande vyote vinane. Naamka saa kumi na moja, napiga mizunguko mitatu, naenda darasani nimechangamka. Niliona nimepata dawa ya ugeni.

Ikaingia Novemba. Kwenye kalenda yao ya kale, mwanzo wa majira ya baridi ni tarehe 7 au 8 Novemba. Wazee wakaanza kupungua uwanjani. Wiki moja wamebaki kumi, wiki iliyofuata watatu, mwisho Nainai mwenyewe haonekani. Mimi nikabaki peke yangu kama mlingoti. Na hapa ndipo penye kosa la kwanza: nikajisifu moyoni. Nikasema wazee wameshindwa, kijana wa Njombe hajashindwa. Nyumbani nimelelewa kwamba anayelala mpaka jua litoke ni mvivu, na mvivu hafiki popote. Nikaona kupunguza ni mwanzo wa kuacha.

Desemba hiyo ya 2023 baridi kali ilipiga kaskazini yote ya China. Siku moja alfajiri, nyuzi 22 chini ya sifuri, nimevaa nguo tabaka nne, nikapiga mizunguko mitatu kwa hasira kabisa, navuta pumzi ndefu kama nilivyofundishwa. Nikatokwa jasho ndani ya makoti. Nilipoacha, lile jasho likageuka barafu mgongoni. Mchana kifua kinabana, usiku homa. Nilikohoa wiki tatu.

Likaja kosa la pili, ambalo ndilo sijawahi kulisema hapa. Kikohozi kilipoisha, sikuamka. Yaani mwili ulipona lakini mimi sikurudi. Nalala mpaka saa saba mchana, mapazia yamefungwa, chakula ni tambi za kumwagia maji ya moto. Mama akipiga simu naiangalia inaita mpaka inakata, halafu naandika "nipo darasani mama". Mitihani nilifanya nusu usingizi. Nikapata sapu, tena ya Saikolojia ya Elimu, cheka tu! Likizo ya baridi ilipoanza na bweni kuwa tupu, nilishaangalia bei ya tiketi ya kurudi nyumbani moja kwa moja. Hela ndiyo haikutosha.

Siku chache kabla ya Mwaka Mpya wao, ambao 2024 uliangukia tarehe 10 Februari, nilitoka kununua tambi nikakutana na Nainai dukani, kabeba mifuko. Nikampokea mizigo. Akaniuliza mbona sionekani. Aibu ikanishika, nikajibu kijanja: "Nainai, si ni majira ya kuhifadhi? Nimepumzika, nahifadhi." Maana nilishasikia kwamba ndivyo kinavyosema kitabu chao kikuu cha tiba, kile cha Mfalme wa Njano, kilichokusanywa kiasi cha miaka 2,000 iliyopita. Humo majira ya baridi ni miezi mitatu ya kufunga na kuhifadhi. Mtu anashauriwa alale mapema, aamke amechelewa kidogo, asubiri mwanga wa jua, akae kwenye joto na asipoteze jasho. Anayekaidi, kinasema, atalipia wakati wa machipuko.

Nainai hakunijibu. Tulipofika kwake akanipeleka kwenye ubaraza wake uliofungwa vioo, baridi kama friji. Kabichi zimepangwa ukutani, zile ndefu za Kichina, chakula cha baridi nzima. Akanipa kazi: zigeuze zote, bandua majani yaliyooza. Nikageuza moja moja. Nilipomaliza akasema, "Kabichi ukiiacha nje inakufa kwa barafu. Ukiifungia ndani usiiguse, inaoza, na inaozesha jirani yake. Wewe umefanya yote mawili." Halafu akanipa chai ya tangawizi. Jamani, nilibanwa na kilio pale, nikajifanya ni mvuke.

Njiani nikamkumbuka bibi yangu wa Njombe. Asubuhi ya sakitu bibi haendi shamba, anatoa kigoda ukutani upande wa mashariki, anaota jua mpaka umande ukauke, ndipo anashika jembe. Hakuna aliyewahi kumwita mvivu, na shamba lake halikukosa mahindi. Kumbe nililelewa kwenye jibu lenyewe, nikalidharau kwa sababu lilikuwa la bibi.

Basi, huu ni msimu wangu wa tatu, na hivi ndivyo ninavyofanya sasa:

1. Muda. Sitoki alfajiri. Nafanya saa nne asubuhi, upande wa kusini wa jengo la maktaba, maana huku jua la baridi linakaa kusini na ukuta unazuia upepo wa kaskazini. Ikizidi nyuzi 15 chini ya sifuri, au upepo mkali, au hewa chafu ya moshi, nafanyia kwenye korido ya bweni. Usiku nalala kabla ya saa tano.

2. Kiasi. Mizunguko mitatu imekuwa mmoja. Kabla yake natumia dakika tano kuzungusha shingo, mabega, viganja na magoti, kwa sababu misuli ya baridi ni migumu na huumia haraka. Naacha nikiwa nimepata joto, kabla jasho halijatoka. Nguo iliyolowa inanyonya joto la mwili, ndicho kilichonipata mimi.

3. Vipande. Vyote vinane nafanya, ila cha sita nakipa muda zaidi: viganja vinashuka mgongoni, nyuma ya miguu mpaka kwenye nyayo, halafu unainuka polepole. Wenyewe wanasema kinaimarisha kiuno na figo, na kwenye tiba yao baridi ni majira ya figo. Elewa kwamba "figo" yao ni pana kuliko ile ya kitabu cha baiolojia, kwa hiyo figo ikiuma kweli nenda hospitali. Mwenye presha ya kupanda asiinamishe kichwa chini. Cha nane, kile cha kuinuka kwa vidole na kudondosha visigino mara saba, kifanye taratibu, wa ghorofa ya chini nao wanasoma.

4. Pumzi. Nje navuta kwa pua, kawaida tu. Hewa ya barafu ni kavu na inabana njia za pumzi, hasa mwenye pumu. Pumzi ndefu nazitunza kwa ajili ya ndani.

5. Miguu. Kabla ya kulala beseni la maji ya moto ya kuvumilika, dakika 15, halafu nasugua katikati ya unyayo kwa dole gumba. Mwenye kisukari apime maji kwa kiwiko kwanza, maana mguu unaweza kuungua bila yeye kusikia.

6. Hewa ya chumbani. Mabomba haya yanakausha mpaka pua inatoa damu. Taulo lililolowa juu ya bomba kila usiku, kazi imekwisha.

7. Mwanga na watu. Hili ndilo kubwa. Mwaka 1984 huko Marekani, Norman Rosenthal na wenzake walieleza kitaalamu kwamba kuna watu wanaozama kwenye huzuni kila baridi inapokuja na mchana unapofupika, na kwamba mwanga mkali huwasaidia. Sisi wenye ngozi nyeusi pia tunahitaji jua zaidi ili mwili utengeneze vitamini D, na huku jua lenyewe ni la kubahatisha, kwa hiyo ukienda kliniki waombe wapime. Kila siku lazima nione mchana, hata dakika 20. Na Jumapili simu ya mama napokea.

Sasa nisije nikaonekana muuza dawa. Chigongi haikuniponya huzuni. Ilinipa sababu ya kufungua pazia saa nne, mengine yakafuata. Kama mtu anapitisha wiki mbili hali, halali au analala tu, hana hamu ya kitu chochote, au anaanza kuwaza kifo, huyo asiambiwe afanye vipande vinane. Apelekwe kwa daktari, na apelekwe na mtu, asiende peke yake.

Kwa hiyo mdogo wangu, umeniuliza kama ni kawaida. Kupungua ni kawaida. Miti hapa imebaki mifupa na hakuna anayeilaumu. Ila kujihifadhi na kujificha vinafanana sana ukivitazama kutoka kitandani, mimi mwenyewe nilishindwa kuvitofautisha. Kipimo changu siku hizi ni kidogo tu: je, leo kuna mtu kaniona, na je, nimeona jua? Kama yote mawili hapana, basi sihifadhi kitu, naoza.

Wazee wa huku wanahesabu baridi kwa tisa: kuanzia siku fupi kuliko zote, Desemba 21 au 22, wanahesabu tisa mara tisa, siku 81, ndipo joto linarudi. Kuna picha ya tawi la maua yenye petali 81, kila siku unapaka rangi petali moja. Ninayo ukutani, kanipa Nainai. Sasa hivi tunaelekea tisa ya tatu, ambayo wanasema ndiyo kali kuliko zote, kwa hiyo usitegemee kesho kuwa rahisi.

Kesho saa nne, ukuta wa kusini wa maktaba. Nainai atakuwepo. Njoo na glavu, na ukichelewa nakuja kugonga mlango, chumba chako nakijua.

Wasalaam, na wa Njombe mnisalimie bibi.